Nyekundu inayorudi kila ukifungua faili

Ofisi yangu iko Kenya, moja ya komini za mji wetu wa Lubumbashi, Kongo: chumba kimoja, kompyuta tatu za mezani, printa mbili, na betri kubwa ya kutuvusha umeme ukikatika. Zamani watu walileta karatasi zilizoandikwa kwa mkono, tukachapa, wakalipa kwa ukurasa. Siku hizi wanafunzi, walimu na hata mawakili huja na faili zilizokwisha kuandikwa, na wanachotaka kwangu ni kuamuliwa ugomvi. Faili imekwenda kwa mwalimu ikarudi na rangi, imekwenda tena ikarudi na rangi zaidi, siku ya kutetea kazi ya chuo imekaribia, na hakuna tena anayejua sentensi ipi ni ya nani.

Ugomvi huo karibu wote unaanzia mahali pamoja. Programu ya kuandikia, iwe Word au LibreOffice, inapofuatilia mabadiliko, yaani inapotia alama za rangi kila kinachoongezwa au kufutwa, hufanya kazi mbili ambazo wengi huziona kama moja: inayaonyesha, na inakungoja uyaamulie. Kuonyesha ni mambo ya macho. Kuamua ndiko kunakogusa faili yenyewe.

“Mama, juu ya nini inarudia kila mara? Jana niliitosha yote!”

Huyo alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho wa sheria (kwetu “kutosha” ni kuondoa), na alikuwa na haki ya kukasirika. Kwenye kompyuta yake kurasa zilikuwa nyeupe kabisa. Alimtumia mwalimu anayemsimamia kwa WhatsApp, mwalimu akafungua akakuta nyekundu kila mahali, pamoja na sentensi moja ambayo kijana aliiandika usiku akaifuta asubuhi: “Hapa sielewi, nitauliza mtu.” Mwalimu akabandika maoni pembeni yake: “Ulimuuliza nani?”

Nilimwambia afungue kichupo cha Révision (Review kwa Kiingereza), maana mashine zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, tukaangalia kile kisanduku kidogo cha kuchagua mwonekano. Alikuwa amechagua mwonekano usio na alama. Basi. Hakuna alichokikubali wala kukikataa. Alikuwa amefumba macho tu, na faili ikabaki na kila kitu ndani. Mwalimu alipoifungua, Word ikamwonyesha alama zote, na ndivyo inavyotakiwa ifanye ili mtu asitume siri bila kujua.

Tangu Word ya 2013 mtego huu umekuwa rahisi zaidi kuuingia, kwa sababu hali ya kawaida ni ile ya alama chache. Maandishi yanaonekana safi, na pembeni, kwenye ukingo, unasimama mstari mwekundu mwembamba kando ya kila sehemu iliyoguswa. Ukibonyeza ule mstari, alama zote zinafunguka. Ukibonyeza tena, zinajifunga. Nimeona watu wazima wakibonyeza, wakaona rangi imekwisha, wakafunga kompyuta na kwenda kulala kwa amani.

Wengine huzima ufuatiliaji wenyewe wakidhani hapo wamemaliza. Kuzima kunazuia mabadiliko mapya yasiandikwe. Yale ya zamani yanabaki palepale.

Kwa mteja mbishi nina njia ya kumwonyesha kwa macho yake. Faili ya docx, ambayo ilianza kuwa ya kawaida na Office ya 2007, ni mfuko wa zip uliovaa jina lingine. Nachukua nakala, nabadilisha kiendelezi kutoka docx kuwa zip, naifungua, naingia kwenye folda iitwayo word, kisha nafungua document.xml kwa programu yoyote ya maandishi matupu. Ndani mnakuwa na msitu wa lebo, lakini ukitafuta “w:del” unaikuta kila sentensi iliyofutwa, nzima, ikiwa na jina la aliyeifuta na tarehe. “w:ins” ni zile zilizoongezwa. Yule kijana aliposoma “Hapa sielewi, nitauliza mtu” ndani ya lebo, na jina lake mwenyewe pembeni, hakubisha tena.

Na asijione ni yeye peke yake. Oktoba 2005, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya tume iliyoongozwa na Detlev Mehlis juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani wa Lebanon. Ilisambazwa ikiwa faili ya Word yenye mabadiliko ndani yake, na waandishi wa habari wakaweza kusoma majina ya watu yaliyokuwa yameondolewa dakika za mwisho. Kama ofisi ya kiwango hicho imepitiwa, mwanafunzi wa Kasapa, chuo kikuu chetu hapa, anasamehewa.

Dawa yenyewe haina maajabu. Unarudi kwenye Révision, unapita badiliko baada ya badiliko, Accepter (kubali) au Refuser (kataa). Mwenye haraka anaweza kukubali yote kwa pamoja, lakini kwa kazi ya chuo simshauri, maana mwalimu naye hukosea, na kuna mahali anauliza swali kwa kufuta neno. Kama wasomaji ni wengi, chagua kwanza kuona alama za mtu mmoja, kisha kubali zile zinazoonekana tu. Kuna amri yake tofauti na ile ya kukubali kila kitu. Ukimaliza, fungua kidirisha cha marekebisho, kile kinachoorodhesha mabadiliko na kuhesabu idadi yake, uangalie kama kimebaki na kitu. Maoni ya pembeni hayaondoki kwa kukubali mabadiliko. Hayo unayafuta kivyake.

Kabla ya kuchapisha pia angalia. Kila msimu wa kutetea kazi kuna mtu anayenijia juu kwamba printa yangu imetoa herufi ndogo kuliko alizoandika. Printa haina hatia. Word ikichapisha pamoja na alama na maoni ya pembeni, hupunguza ukurasa mzima ili ipate nafasi ya vile visanduku. Toa tiki kwenye uchaguzi wa kuchapisha alama, herufi zinarudi ukubwa wake. Karatasi zilizokwisha kutoka tunalipana nusu kwa nusu, na hapo ndipo maneno huwa mengi.

Kuna tatizo jingine linalowatoa jasho hata wanaoijua Word vizuri: majina. Mama mmoja wa shirika dogo la hapa mjini alikuja na ripoti iliyosomwa na wenzake wanne. Mkurugenzi alitaka kujua nani alibadilisha bajeti ya mafunzo. Faili ikajibu: “Auteur”, yaani mwandishi. Ukurasa wa kwanza Auteur, wa mwisho Auteur, wote wanne wamekuwa mtu mmoja asiye na jina. Kilichowachanganya zaidi ni kwamba kila mmoja aliapa aliliona jina lake wakati anaandika. Na walisema kweli.

Hutokea hivi. Word ina kifaa cha kukagua faili na kuondoa taarifa binafsi. Mtu akikitumia mara moja, agizo linakaa ndani ya faili yenyewe: kila inapohifadhiwa, ondoa majina. Unapoandika unaliona jina lako. Ukihifadhi, linageuka Auteur. Ripoti ile ilikuwa imetengenezwa juu ya ripoti ya mwaka uliopita, ambayo kabla ya kwenda kwa wafadhili ilisafishwa hivyohivyo. Wakafuta maandishi ya zamani wakaandika mapya, agizo likabaki na kazi yake.

Kuliondoa ni jambo la dakika: menyu ya faili, sehemu ya taarifa, kuna mstari unaoruhusu taarifa hizi zihifadhiwe tena. Ukiubonyeza, kuanzia hapo majina yanashika. Yaliyokwisha kupotea hayarudi kutoka kwenye faili hiyo. Nilimwambia yule mama awaombe wenzake nakala walizobaki nazo kwenye barua pepe kabla hazijaunganishwa, na kwa bahati wawili walikuwa hawajafuta. Mambo ya bajeti yalijulikana, lakini hayo ni yao, siyaandiki hapa.

Majina yana vituko vingine. Kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watano hutia jina moja kwa wote, lile lililoandikwa kwenye mipangilio siku programu ilipowekwa, hata kama mwenye jina alishaacha kazi. LibreOffice, usipojaza taarifa za mtumiaji, inaandika kwamba mwandishi hajulikani. Halafu kuna rangi. Watu huandikiana “angalia vile vya zambarau”, na mwenzake kwa upande wake haoni zambarau yoyote. Rangi zinagawiwa na programu ya anayesoma. Nyekundu kwako ni buluu kwangu. Taja jina na ukurasa, rangi ziache.

Tarehe nazo zisiaminiwe kupita kiasi. Niliwahi kuletewa faili ambayo mhariri alionekana amesahihisha sura ya tatu miaka mingi kabla mwanafunzi hajaanza chuo. Kwenye bodi ya kompyuta za mezani kuna kibetri bapa kama kifungo, mara nyingi CR2032, kinachoshika saa mashine ikiwa haina umeme. Kikifa, na umeme wa mtaa ukikatika, saa inarudi mwanzo, na Word huandika saa iliyoikuta kwenye mashine. Mashine isiyo na intaneti haina pa kuulizia saa ya kweli. Usisahau pia kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Nimeshuhudia watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, wakibishana nani alitangulia kusahihisha, kumbe kila mmoja anasoma saa ya ukutani kwake.

Kunakili sehemu ya maandishi kutoka faili moja kwenda nyingine ni pale watu wanapopoteza kazi bila kuona. Mwalimu amesahihisha sura ya pili kwenye faili yake. Mwanafunzi anainakili na kuibandika kwenye kazi nzima, akitaka masahihisho yaje nayo. Yanakuja maandishi ya mwisho tu, kana kwamba yote yamekubaliwa; au, kama kazi nzima nayo inafuatiliwa, sura yote inaingia ikiwa badiliko moja kubwa lenye jina la mwanafunzi. Ili alama zisafiri, zima ufuatiliaji kwenye faili zote mbili kabla ya kunakili. Ni kinyume na akili ya kawaida, najua. Watu hunitazama kama nawadanganya mpaka nijaribu mbele yao.

Orodha ya yaliyomo usiisasishe ufuatiliaji ukiwa umewashwa. Ya zamani yote inafutwa kwa nyekundu, mpya inaongezwa chini yake, na mwalimu anadhani umeandika upya kitabu. Zima, sasisha, washa tena.

Wengi hapa husomea kazi zao kwenye simu, na siwalaumu: simu ndiyo yenye chaji na vifurushi. Lakini programu za simu hazifanani. Nyingine hukuonyesha maandishi yaliyofutwa na yaliyoongezwa yameshikana bila rangi, unasoma sentensi isiyo na maana na kudhani mwalimu amelewa. Kwa anayetaka kujibu masahihisho akiwa njiani, Google Docs ni afadhali, maana ukiingiza faili ya Word, mabadiliko yake yanakuwa mapendekezo, na ukiitoa tena kama docx yanarudi kuwa mabadiliko. LibreOffice nayo inaheshimu alama za Word vizuri, na haina gharama. Sehemu zenye majedwali tu huziangalia moja moja zikivuka kutoka programu moja kwenda nyingine.

Upande wangu nitasema hivi: rasimu ya kwanza ya kazi ya chuo ingesahihishwa kwa kalamu kwenye karatasi. Sentensi zikiwa bado zinatafuta pa kukaa, rangi za kompyuta zinaleta kelele kuliko msaada. Walimu wenye umri wanaofanya hivyo wanachekwa na wanafunzi, lakini wanafunzi wao hawaji kwangu kulia.

Kwa mkataba mambo yanageuka. Hapo kila koma ina bei.

Kuna wakili, tunamwita Maître kama wote, ambaye alinijia na mkataba wa kukodi ghala. Alikuwa ameutuma upande wa pili ukiwa umefungwa kwa nywila, ufuatiliaji hauzimiki. Ukifunga hivyo, vitufe vya kukubali na kukataa vinakuwa vya kijivu, na wengi huja kwangu wakisema Word imeharibika, wakati ni mwenzao ameiweka kufuli. Mkataba ulirudi ukiwa na masahihisho matatu, yote ya maana, na barua ya heshima. Maître alitaka nimchapishie nakala safi asaini mchana.

Nilipofungua Révision, vitufe vilikuwa hai. Nikamuuliza kama aliwapa nywila. Akasema hapana. Basi hii haikuwa faili aliyotuma. Mtu alichukua maandishi yote, akayabandika kwenye faili mpya isiyo na kufuli, akafanya kazi kimya, kisha mwishoni akawasha ufuatiliaji na kufanya masahihisho matatu ya kuonyesha.

Kwa hali kama hiyo Word ina amri ya Comparer, yaani kulinganisha. Unaipa faili ya kwanza na iliyorudi, inatengeneza ya tatu yenye tofauti zote, na zile mbili haizigusi. Kama bado kuna mabadiliko yasiyoamuliwa, inakutahadharisha kwamba itayahesabu kama yamekubaliwa. Tulipoiendesha mara ya kwanza mkataba wote ulikuwa mwekundu, kwa sababu upande wa pili walibadilisha aina ya herufi na nafasi za aya. Hapo wengi hukata tamaa. Ukifungua machaguo zaidi kwenye dirisha hilohilo utakuta orodha ya vitu vya kulinganisha. Toa tiki kwenye mpangilio wa herufi na aya, na kwenye nafasi tupu, uanze upya. Wekundu ukapungua mpaka tukaweza kuuhesabu kwa vidole. Yalikuwepo yale matatu tuliyoyajua. Na katika kifungu cha kuvunja mkataba, siku 30 za taarifa zilikuwa zimekuwa 15.

Maître hakusema neno. Aliondoa miwani, akaisogelea skrini, akasoma tena kifungu chote kwa sauti ya chini, kisha akatoka nje kupiga simu. Aliporudi aliniambia wamesema ni kosa la katibu wao.

Comparer haiwezi kukwambia nani aliandika. Jina inalotia ni lile unalolijaza wewe kwenye dirisha lake, na saa ni ya wakati ule uliolinganisha. Inakuonyesha tofauti, basi. Kama ni kosa la katibu au la, hayo mtayazungumza wenyewe. Pia haifai kitu kama faili iliyorudi ilitolewa kwenye PDF na kugeuzwa tena kuwa Word: mistari inakatika ovyo, na kila aya inaonekana mpya. Ukipokea hiyo, idai faili yenyewe kabla hujasoma.

Tangu siku hiyo Maître hasaini tena mkataba bila kuupitisha kwangu kwanza, hata ule uliorudi na ujumbe kwamba hawajagusa kitu. Huo hasa. Kazi hiyo siitozi kwa ukurasa kama kuchapa. Naitoza kwa faili, na nimebandika bei ukutani, chini ya ile ya fotokopi.